Stephen Foster: Nyimbo zake ziliimbwa Marekani nzima, akafa na senti 38

Mwaka 1848 wimbo wa Oh! Susanna ulilipuka Marekani. Watu waliokimbilia California mwaka uliofuata kusaka dhahabu waliuimba njiani, na ndani ya miaka michache ukachapwa zaidi ya mara 20 na wachapishaji tofauti. Aliyeutunga, karani wa hesabu mwenye miaka 22, aliambulia dola 100.

Huyo ndiye Stephen Foster. Alizaliwa Julai 4, 1826, Lawrenceville, jirani na Pittsburgh, siku ambayo Marekani ilitimiza miaka 50 ya uhuru. Mwaka 1846 alikwenda Cincinnati kutunza vitabu vya hesabu katika ofisi ya meli ya kaka yake, lakini akili yake ilikuwa kwenye nyimbo.

Enzi hizo hakukuwa na santuri wala redio. Wimbo uliuzwa ukiwa kwenye karatasi, maneno na noti zake, mtu ananunua na kwenda kuupiga kwenye piano nyumbani. Foster aliwapa waimbaji wa majukwaani nakala za mkono bure, akijua wakiimba, wimbo utajulikana. Na kweli ukajulikana! Tatizo ni kwamba karatasi zile zilifika kwa wachapishaji, kila mmoja akachapa za kwake na kuuza. Sheria ya hakimiliki ilishautaja muziki tangu 1831, lakini kijana asiye na hela ya kesi angemshtaki nani, amwache nani?

Mwaka 1849 akaonekana kujifunza. Alisaini mkataba na Firth, Pond & Co. ya New York, alipwe senti 2 kwa kila nakala. Karatasi ya wimbo iliuzwa kama senti 25. Akaacha ukarani, akaamua kuishi kwa utunzi peke yake, kitu ambacho Marekani ya wakati huo karibu hakuna aliyekuwa anakifanya.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Foster hakuwa mtu wa jukwaani, kwa hiyo hela ya mlangoni hakuiona. Waliokuwa wanajaza kumbi ni vikundi vya Wazungu waliojipaka masizi usoni na kuwaigiza watumwa weusi kwa dhihaka. Foster aliandikia soko hilo, na baadhi ya maneno ya nyimbo zake za mwanzo ni matusi mpaka leo. Vikundi vikiimba wimbo wake usiku kucha, yeye hapati kitu, kwa sababu sheria haikumpa mtunzi haki ya kulipwa wimbo ukiimbwa hadharani. Haki hiyo ilikuja 1897.

Mwaka 1851 alimruhusu kiongozi wa kikundi maarufu, Edwin Christy, kuweka jina lake kama mtunzi wa Old Folks at Home. Wimbo ukawa mkubwa kuliko yote. Mwaka uliofuata Foster aliandika barua akiomba jina lake lirudi, Christy akakataa. Malipo ya karatasi Foster aliendelea kupata, ila sifa zilikwenda kwingine. Christy alistaafu katikati ya miaka ya 1850 akiwa tajiri.

Lawama zote si za wengine. Foster alikuwa anachukua hela kwa mchapishaji kabla nyimbo hazijauza, na pombe ilimzidi. Mwaka 1857 madeni yalipombana, yule karani wa zamani alikaa chini akaorodhesha nyimbo zake moja moja: umeingiza kiasi gani, na utaingiza kiasi gani huko mbele. Kisha akauza haki zote zilizobaki, pamoja na My Old Kentucky Home, kwa dola 1,872. Ukitazama zilivyoimbwa miaka iliyofuata, ni bei ya kutupa.

Mwaka 1860 alihamia New York na familia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, akawa anauza nyimbo moja kwa moja, anapewa hela kidogo na hadai tena. Mkewe, Jane, alirudi Pennsylvania na binti yao, akapata kazi ya kupokea na kutuma telegramu.

Januari 1864 Foster, akiwa na homa, alianguka katika hoteli ya bei nafuu mtaa wa Bowery na kujikata vibaya. Alifia hospitali ya Bellevue Januari 13, akiwa na miaka 37. Kwenye pochi yake zilikutwa senti 38 na kipande cha karatasi chenye maneno matano ya penseli. Beautiful Dreamer ilitoka baada ya yeye kufa. Jina lake lilirudi kwenye Old Folks at Home mwaka 1879, hakimiliki ilipohuishwa.

Mwanzoni mwa 1941, redio kubwa za Marekani ziligombana na chama cha watunzi, ASCAP, kilichotaka malipo makubwa zaidi. Zikaacha kupiga nyimbo za wanachama wake na kutafuta zile ambazo hakimiliki yake imekwisha. Kwa miezi kadhaa wasikilizaji walipigiwa Jeanie with the Light Brown Hair mpaka wakachoka. Ni wimbo wa Foster wa 1854, unaoaminika aliutunga akimuwaza Jane. Redio hazikulipa hata senti moja.