Harald Blåtand, mfalme aliyezipa jina hedifoni zisizo na waya

Alama ya Bluetooth iliyochapwa kwenye boksi za hedifoni, sabufa na simu zinazouzwa Arua na Koboko ni herufi mbili za kale zilizounganishwa, H na B. Ni herufi za kwanza za jina la mtu: Harald Blåtand, mfalme wa Denmark aliyefariki zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Harald alikuwa mtoto wa Mfalme Gorm na Malkia Thyra wa Jelling, katika rasi ya Jutland. Alirithi kiti cha baba yake mwaka 958 hivi. Blåtand lilikuwa jina la utani, maana yake jino la buluu. Inadhaniwa alikuwa na jino bovu lililogeuka rangi.

Utawala wake ulitegemea biashara ya mpakani. Kusini mwa nchi, kwenye mpaka na Wajerumani, ulikuwepo mji wa soko ulioitwa Hedeby. Hapo walikutana wauzaji wa ngozi, kaharabu na watumwa, na fedha iliyopita mikononi mwao ilikuwa pamoja na dirhamu za Waarabu. Mwaka 974 Wajerumani walimshinda Harald na kulishika eneo hilo. Alilirudisha mwaka 983.

Karibu mwaka 965 alibatizwa. Baadaye alisimamisha Jelling jiwe kubwa la kuwakumbuka wazazi wake, lenye maandishi yanayotangaza kwamba yeye ndiye aliyeitwaa Denmark yote na Norway, na kuwafanya watu wake Wakristo. Jiwe hilo lipo hadi leo.

Mnamo mwaka 980 alijenga ngome za mviringo sehemu mbalimbali za nchi, na daraja la mbao la urefu wa mita 760 hivi kuvuka bonde la majimaji la Ravning, kusini mwa Jelling.

Lakini muungano huo ulishikwa kwa nguvu. Hakon, mkuu aliyemwachia Norway aitawale kwa niaba yake, aliacha kumtii. Kisha mwanawe mwenyewe, Svein, akaasi. Harald alijeruhiwa, akakimbilia kwa Waslavi ng'ambo ya bahari, na akafia huko mwaka 985 au 986. Mjukuu wake, Knut, alikuja kutawala Denmark, Norway na Uingereza kwa pamoja.

Jina la Harald lilifufuka mwaka 1997. Wakati huo kampuni kubwa za simu na kompyuta zilikuwa zikitafuta njia ya kuunganisha vifaa vyao bila waya, na kulikuwa na hatari kila moja ishike redio yake. Jim Kardach, mhandisi wa Intel aliyekuwa amesoma habari za mfalme huyo, alipendekeza jina lake litumike kwa muda tu. Mwaka 1998 Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba zikaunda umoja, na jina la muda likabaki kuwa la kudumu.

Matokeo ya makubaliano hayo ni kwamba hedifoni ya kiwanda kimoja husikilizana na simu ya kiwanda kingine. Bluetooth ya kawaida ya muziki huruka kati ya masafa 79, mara 1,600 kwa sekunde, na ndiyo maana vifaa vingi hufanya kazi katika duka moja bila kuzibana njia.

Hata hivyo, alama ya Harald kwenye boksi haisemi kila kitu. Katika uunganisho wa muziki upande mmoja hurusha sauti na mwingine huipokea. Hedifoni hupokea. Amplifaya na sabufa nyingi za sebuleni nazo hupokea tu, kutoka kwenye simu. Vifaa viwili vya kupokea haviwezi kupeana muziki, hata vikiwekwa ubavu kwa ubavu. Mteja anayetaka kusikiliza amplifaya yake kwa hedifoni isiyo na waya anahitaji kifaa kidogo cha kurusha, kinachochomekwa kwenye tundu la hedifoni la amplifaya hiyo. Vingi vina swichi yenye maandishi TX na RX: TX ni kurusha, RX ni kupokea.

Kompyuta ni rahisi zaidi. Nyingi za kisasa zina Bluetooth ndani yake, na ya zamani huongezewa kwa kifaa kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Hedifoni huwekwa katika hali ya kutafutwa, kwa kawaida kwa kubonyeza kitufe hadi taa imulike, kisha huchaguliwa kwenye mipangilio ya kompyuta. Ikigoma, mara nyingi imeshikwa na simu iliyounganishwa nayo mwanzo. Bluetooth ya simu hiyo ikizimwa, hedifoni huachiwa.

Kwa mfanyabiashara anayevusha mzigo Oraba kwenda Sudan Kusini au Vurra kwenda Kongo, majaribio hayo yafanyike kabla ya safari. Mteja wa Kaya au Aru akirudisha hedifoni nzima kwa kudhani ni mbovu, nauli ya kuirudisha inaweza kumeza faida yote.