Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyefuatilia uvimbe wa watoto barani Afrika

Mtoto anapovimba tumbo, akatapika nyongo na kukosa choo, daktari humpapasa tumbo kisha huagiza picha ya eksirei, au radio kama wengi wanavyoiita Kongo. Utumbo ukiwa umeziba, picha huonyesha hewa na maji vilivyokwama juu ya kizuizi. Lakini mara nyingi haisemi kilichoziba ni nini. Huenda ni minyoo, huenda ni utumbo ulioingia ndani ya mwingine, na huenda ni uvimbe wa saratani.

Saratani mojawapo inayowapata watoto wa ukanda huu tumboni inaitwa kwa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka 20.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 karibu na Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, mhandisi aliyependa ndege, aliwafunga ndege pete miguuni na kuchora ramani ya maeneo yao. Mwana naye alikuja kuchora ramani, ila ya ugonjwa. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe na kupoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin, akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Wakati wa vita alikuwa daktari wa jeshi, akapita Kenya na Somalia. Mwaka 1946 alipelekwa Lira, Uganda, na miaka miwili baadaye akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957, mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote nne. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alimwona kupitia dirishani mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile. Alipompima, akakuta uvimbe tumboni pia.

Kumbukumbu za Mulago zilionyesha kuwa uvimbe wa taya na ule wa tumbo mara nyingi uliwapata watoto walewale. Wataalamu wa maabara wa Kampala walithibitisha kwamba ni saratani moja, ya tezi za limfu. Burkitt alichapisha taarifa yake ya kwanza mwaka 1958.

Kisha akataka kujua ugonjwa ulikuwa wapi. Alituma karatasi zenye picha na maswali kwa hospitali nyingi za Afrika. Oktoba 1961, pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, alipanda gari kuukuu kutoka Kampala kuelekea Afrika Kusini. Safari ilichukua wiki 10 na kilomita 16,000 hivi. Waligundua kuwa ugonjwa hufuata joto na mvua, na hupungua sana kwenye miinuko yenye baridi. Ramani hiyo ilielekeza macho kwenye malaria. Mwaka 1964, watafiti wa London waliopokea vipande vya uvimbe kutoka Uganda waligundua virusi vya Epstein-Barr.

Kisu hakikutosha kuponya, na Kampala haikuwa na mashine za kutibu kwa mionzi. Burkitt alijaribu dawa. Kwa baadhi ya watoto uvimbe uliyeyuka ndani ya siku chache, na wengine walipona kabisa. Ilikuwa miongoni mwa saratani za kwanza kuponywa kwa dawa.

Aliporudi Uingereza mwaka 1966 aligeukia chakula na matumbo. Yeye na wenzake waliwapa watu vidonge vidogo vinavyoonekana kwa eksirei, kisha wakapiga picha za choo chao ili kujua vimepita kwa muda gani. Kwa wanavijiji wa Uganda, waliokula vyakula visivyokobolewa, ilikuwa kama siku moja na nusu. Kwa mabaharia wa Uingereza, zaidi ya siku tatu. Kazi hiyo ndiyo iliyoeneza habari za nyuzinyuzi duniani. Alifariki Machi 23, 1993, akiwa na miaka 82.

Ubundu, mji wa joto na mvua kando ya Mto Lualaba, karibu na ikweta, uko ndani ya aina ya nchi aliyoichora Burkitt. Reli yake ya kwenda Kisangani ina urefu wa kilomita 125 hivi. Uvimbe huu hukua haraka kuliko karibu saratani zote, na unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache. Kwa hiyo mzazi anayeona taya au tumbo la mtoto likivimba asisubiri, na mtoto anayetapika nyongo na kukosa choo afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Picha itaonyesha kama njia imeziba. Kujua kilichoziba kunahitaji mkono wa daktari, kipimo cha maabara, na mtoto aliyefika mapema.