Tshibumba Kanda Matulu, mwanahistoria wa gunia la unga

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947 mjini Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Alikuwa mchoraji wa mtaani. Alichora nyumbani, kisha akazitembeza picha zake na kuziuza kwa bei ndogo katika miji ya migodi ya Katanga. Kitambaa chake kilikuwa gunia la unga, au la bunga kama tusemavyo hapa Ndosho. Aliliwamba kwenye fremu ya mbao, akalipaka rangi.

Picha za aina hiyo watu waliziita ukumbusho. Iliyopendwa sana ilihusu wakati wa Mbelgiji: mfungwa amelazwa kifudifudi, askari Mwafrika mwenzake anamchapa, mzungu anatazama. Uso wa mfungwa umeelekea chini, kwa hiyo hatuusomi uchungu machoni pake. Tunausoma katika mwili uliolala, katika mkono wa askari ulioinuliwa, na katika utulivu wa bwana mkubwa. Picha ilitundikwa sebuleni. Mgeni akiitazama, masimulizi yalianza.

Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, si mbali na mji huo ambamo Tshibumba alikuwa mtoto wa miaka 13 hivi. Alipokua alikichora kifo hicho. Lumumba amelala pamoja na Mpolo na Okito, nyuma yao kuna misalaba mitatu, na damu ya ubavuni mwake inaandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Aliyezoea kanisa haelezwi zaidi.

Miaka ya 1973 na 1974 Tshibumba alifanya kazi na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha Lubumbashi. Alijitambulisha kwake kuwa mwanahistoria, akajitolea kuchora historia yote ya nchi. Alitoa picha zipatazo 100, tangu enzi za mababu hadi utawala wa Mobutu. Mbele ya kinasa sauti alizieleza moja moja kwa Kiswahili cha Shaba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitoweka, na hakuna aliyemwona tena. Kitabu cha Fabian kuhusu kazi hiyo kilitoka mwaka 1996, kwa Kiingereza. Picha zenyewe ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililoitwa zamani Tropenmuseum.

Lakini maneno yake ya Kiswahili nayo yamehifadhiwa, na hapo ndipo kitivo chetu kinapoguswa. Tumezoea kukisahihisha Kiswahili cha Kongo kana kwamba ni kosa la sarufi tu. Tshibumba alikitumia kupima ushahidi, kupinga vitabu vya wakoloni na kuomboleza viongozi. Lugha iliyobeba kazi hiyo inastahili kusomwa darasani, pamoja na magunia yaliyoizaa.