Frantz Fanon: daktari aliyekataa kusemesha mgonjwa kama mtoto

Frantz Fanon alizaliwa Martinique mwaka wa 1925, akasomea udaktari Ufaransa. Kule aliona madaktari wakisemesha Mwarabu ao mtu mweusi kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Katika kitabu chake cha 1952 akaonyesha kama sauti ile ni dharau.

Mwaka wa 1953 alianza kazi hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blida, Algeria. Kwa wanaume Waislamu, matibabu yake yalishindwa kwanza: hakujua Kiarabu, aliongea nao kupitia mkalimani. Akakubali kosa, akawafungulia mkahawa wa kikwao, akajaribu kujifunza Kiarabu.

Alifariki 1961, na miaka 36. Huku Fizi na Baraka, aliyeumizwa na vita naye anahitaji kusemeshwa kama mtu mzima.