Bibi Aliyeiba Elimu Usiku

Ukurasa huu umezoea kuwataja malenga wa kwetu, wa Pate, Lamu na Mvita. Leo namtaka radhi msomaji nimvushe bahari hadi Bengali, katika Bara Hindi, nimpe habari za bibi wa Kiislamu ambaye huko hata mtoto wa shule anamjua, na huku kwetu jina lake ni nadra kutajwa. Naye ni Rokeya Sakhawat Hossain.

Alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Pairaband, upande wa Rangpur, ambao sasa umo katika nchi ya Bangladesh. Baba yake alikuwa mwenye ardhi nyingi na elimu yake. Watoto wanaume aliwapeleka Calcutta wakasome Kiingereza. Mabinti walikaa ndani, wakafunzwa Kurani na lugha kama Kiurdu. Kibengali, kilichosemwa na kila mtu sokoni na mashambani, hakikutakiwa, kwani waungwana wa Kiislamu wa zama zile walikiona kuwa ni lugha ya watu duni na ya Mabaniani. Nadhani hapo msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Sisi pia tulikuwa na wazee waliosema Kiswahili mchana kutwa, na wakitaka kuandika barua ya maana wakakimbilia Kiarabu.

Dada yake mkubwa, Karimunnesa, alijifunza Kibengali kwa siri. Siri ilipofichuka jamaa walipiga kelele, na binti akaondolewa nyumbani na kuozwa kabla hajatimiza miaka 15. Hata hivyo alikuwa amekwisha kumpa mdogo wake herufi za kwanza. Kiingereza Rokeya alikipata kwa kaka yake, Ibrahim. Baba akilala, kaka huyu akiwasha mshumaa, wawili hao wakafungua kitabu. Bibi yangu mzaa mama alihitimu Kurani akiwa msichana mdogo, lakini kalamu hakupewa, kwa hofu kwamba binti akijua kuandika atawaandikia wanaume. Kwa hiyo habari ya mshumaa ule ilinigusa.

Utawa wa huko ulikuwa mkali kuliko tuliousikia kwetu. Rokeya alipofikia umri wa miaka mitano alitakiwa ajifiche si kwa wanaume tu, bali hata kwa wanawake wageni. Safari moja huko Calcutta walikuja watumishi wawili wa kike wa jamaa, wakawa wanaingia kila chumba. Mtoto akafichwa orofani juu muda wa siku nne. Chakula chake aliletewa na mpwa wake wa umri uo huo, ambaye mara nyingine alisahau.

Kiasi cha mwaka 1898 aliolewa na Sakhawat Hossain wa Bhagalpur, hakimu katika serikali ya Waingereza, aliyefiwa na mke na aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Haya yanaashiria hadithi ya huzuni, lakini bwana huyu alimpenda mkewe na akaipenda kalamu yake. Siku moja akiwa safarini, mkewe alitunga kwa Kiingereza hadithi ya nchi ambamo wanaume ndio wanaotawishwa, na mabibi wanatawala, wanavuna joto la jua, wanavuta maji mawinguni na kusafiri angani. Bwana aliporejea aliisoma yote papo hapo akiwa amesimama, akaona mkewe amewalipiza wanaume kisasi kikubwa! Ilichapishwa mwaka 1905 katika gazeti moja la mabibi huko Madras kwa jina la Sultana's Dream.

Watu wa ng'ambo wanaosoma kwa jicho la haki za wanawake wameishika hadithi hiyo kuliko kazi zake zote. Siwalaumu. Ila kwangu mimi kitabu chake kikuu ni Abarodhbasini, cha mwaka 1931, alichokiandika kwa Kibengali. Humo mna visa 47 vifupi vya wanawake waliofungiwa ndani. Kimoja ni cha jamaa wa mumewe aliyejikwaa katika baibui lake kubwa, akaanguka kwenye reli za gari moshi. Wachukuzi walikuja kumwinua, mtumishi wake wa kike akawakataza wasimguse, na peke yake hakumweza. Gari lilingoja kiasi cha nusu saa, kisha likaondoka likampita juu. Waliosikia habari za shiraa ya Lamu, hema ile ya nguo ambayo mwanamke wa kiungwana alitembea ndani yake, hawatasema kwamba haya ni ya Wahindi tu.

Msomaji asije akadhani kwamba bibi huyu alipiga vita stara. Yeye mwenyewe alijistiri hadi kufa kwake, na ameandika kuitetea. Alilolikataa ni kifungo cha mila kilichovishwa joho la sheria. Hoja yake ilikuwa kwamba Uislamu umemfaradhishia mwanamke elimu na kumpa fungu lake la urithi, na mababa ndio waliomnyima vyote viwili. Mwanzoni ulimi wake ulikuwa mkali zaidi. Makala yake moja ya mwaka 1904 iliwaghadhibisha wengi kwa aliyoyasema juu ya wanaume na vitabu vya dini, na alipoitia katika kitabu chake Motichur aliyaondoa maneno hayo. Nami sikubaliani naye kwa kila neno.

Mumewe alifariki mwaka 1909, akiwa ameacha rupia 10,000 za kufungulia shule ya wasichana. Rokeya, ambaye watoto wake wawili walikufa wachanga, aliianzisha Bhagalpur mwaka huo huo kwa wanafunzi 5. Ugomvi wa mali na binti wa kambo ukamhamisha. Machi 1911 alianza upya Calcutta, wanafunzi 8, akipita nyumba kwa nyumba kuwasihi wazazi.

Kisa cha basi la shule ni cha kuchekesha na kuliza. Ili wazazi waridhike, basi lilizibwa pande zote. Ndani mkawa giza na joto, watoto wakazimia na kutapika. Madirisha yakafunguliwa, yakatiwa mapazia. Ikaja barua ya ndugu katika Uislamu kulalamika kwamba upepo unayapeperusha mapazia, na kwamba wakiona tena wataandika magazetini. Wazazi wa watoto waliozimia nao walikuwa na barua zao.

Mwaka 1916 aliunda chama cha wanawake wa Kiislamu, kilichowasaidia wajane na maskini. Usiku wa tarehe 8 Desemba 1932 alikuwa angali akiandika. Alfajiri yake akafariki, akazikwa Sodepur, nje ya Calcutta. Juu ya meza ilikutwa makala juu ya haki za mwanamke, haijamalizika. Shule ingaliko mjini humo hadi leo, na inaitwa kwa jina la mumewe.