Compton, mtu aliyeonyesha kuwa mwanga hugonga

ARTHUR Holly Compton, mwanafizikia wa Marekani aliyezaliwa mjini Wooster, Ohio, Septemba 10, 1892, aliingia katika historia kwa kuuthibitisha mwanga kuwa ni chembe zinazogonga.

Mwaka 1922, akiwa St. Louis, alielekeza eksirei kwenye grafaiti. Zilipotawanyika, zilitoka zikiwa na nishati pungufu. Elektroni zilikuwa zimechukua sehemu yake. Wengi waliamini mwanga ni mawimbi tu, na William Duane wa Harvard alimpinga waziwazi. Compton hakuyumba. Duane alikubali mwaka 1924, na mwaka 1927 Compton akapata Tuzo ya Nobel pamoja na C.T.R. Wilson.

Elektroni inapokimbia, mambo hugeuka. Mpira unaobingirika polepole ukigongana uso kwa uso na lori liendalo kasi barabara ya Chalinze-Segera, hurushwa kwa nguvu usiyokuwa nayo. Vivyo hivyo, mwanga wa leza ukikutana na elektroni zenye kasi inayokaribia ya mwanga, hurudi ukiwa eksirei au miale ya gama. Leza ikiwa kali mno, elektroni moja humeza chembe kadhaa za mwanga kwa pamoja na kutoa moja yenye nishati kubwa.

Jambo hilo lilishuhudiwa Stanford, Marekani, miaka ya 1990. Compton hakuliona: alifariki dunia Machi 15, 1962, miaka miwili tu baada ya leza ya kwanza kuwaka.