Orson Welles: Fundi wa Redio Aliyetisha Marekani, Kisha Akamsaka Karao

Kama ulilelewa na guka ama shosho, hii unaielewa. Redio ilikuwa na mahali pake kwa nyumba na hakuna mtoto alikuwa na ruhusa ya kuigusa. Leonard Mambo Mbotela akianza Je, Huu Ni Ungwana?, kila mtu anafunga mdomo. Hakuna picha, hakuna video, ni sauti tu, na bado uliona kila kitu kwa kichwa.

Enzi hizo redio ilikuwa na mafundi wake dunia nzima. Leo cheki huyu mmoja wa Marekani, Orson Welles. Wengi wanamjua kwa stori moja, ile ya kutisha watu ati dunia imevamiwa. Lakini kuna ingine huambiwangi, na ndiyo ilifaa umjue nayo.

Welles alizaliwa Mei 6, 1915 huko Kenosha, jimbo la Wisconsin. Mathe yake, mpiga piano, alidedi siku chache tu baada ya kijana kufikisha miaka 9. Buda yake alikuwa mtu wa chupa, naye akaenda Welles akiwa na 15. Chuo kikuu hakukanyaga. 1931, miaka 16, alitokea Dublin, Ireland, akaingia ukumbi wa Gate na kuwaambia yeye ni staa mkubwa kutoka New York. Mdomo tu. Lakini walivyoskia ile sauti nzito, walimpa nafasi.

Alivyorudi nyumbani, redio ikamchukua. Manze, alikuwa na kazi kwa stesheni nyingi hadi inasemekana alikuwa anakodi ambulensi impenyeze kwa jam ya New York afike shoo ingine. 1936, akiwa na miaka 20, aliongoza Macbeth ya Shakespeare pale Harlem na waigizaji weusi watupu. Hiyo iweke akilini, tutairudia.

Kisha ikafika Jumapili, Oktoba 30, 1938. Welles na mbogi yake walichukua kitabu cha H. G. Wells cha 1898 kuhusu viumbe wa Mars, wakakigeuza kuwa taarifa ya habari kwa CBS. Unaskia muziki wa hoteli, fiti kabisa, mara mtangazaji anakatiza: kuna kitu kimeanguka shambani Grover's Mill, New Jersey. Muziki unarudi. Anakatiza tena. Mwishowe ripota aliye hukohuko anazimika ghafla.

Mwanzoni walisema ni mchezo, lakini kuna wasee walifungulia redio wakiwa wamechelewa. Polisi wakajaziwa simu, wengine wakahepa nyumba. Kesho yake magazeti yakaandika ni kama nchi nzima ilishikwa na wazimu. Hapo yalitia chumvi, maana redio ilikuwa inayanyang'anya matangazo. Welles, miaka 23 tu, akasimama mbele ya wanahabari akiomba radhi na uso wa malaika. Baadaye kampuni ya supu ya Campbell ikaleta ganji, Hollywood ikamwita, na 1941 akatoa Citizen Kane, filamu ambayo wengi bado wanaiweka juu ya zote.

Sasa njoo 1946. Februari 12, Isaac Woodard, sajini mweusi aliyepigana Vita vya Pili vya Dunia huko Pasifiki, alikuwa kwa basi akielekea kwa familia yake. Jeshi lilikuwa limemwachilia siku hiyohiyo, na yunifomu alikuwa bado nayo. Aliomba dere asimamishe aende choo, wakabishana. Kwa mji mmoja mdogo wa South Carolina dere akaita makarao. Wakamtoa, wakamshukia na rungu, na rungu ikaingia machoni. Asubuhi ilipofika, Woodard haoni. Hakuona tena hadi alipokufa 1992.

Si unajua zile kesi ambapo kila mtu anajua ni karao, lakini jina halipatikani? Hii ilikuwa hivyo. Miezi ikapita. NAACP, shirika la kutetea haki za weusi, likampelekea Welles kiapo cha Woodard. Julai 28, kwa shoo yake ya ABC, akakisoma hewani. Kisha akamwongelesha huyo karao asiyejulikana moja kwa moja, akimwahidi kuwa atamsaka hadi ajulikane. Wiki iliyofuata akarudia, na iliyofuata pia.

Mji wa Aiken, ambao Woodard alidhani ndiko alikochapwa, ulikasirika na kupiga marufuku filamu yake. Uchunguzi ukaendelea, ikabainika ni Batesburg, na jina likatoka: Lynwood Shull, mkuu wa polisi wa hapo. Welles akalitaja hewani.

Usidhani iliisha vizuri. Oktoba shoo yake ilizimwa. Novemba Shull alifika kortini, na jopo la wazungu watupu likamwachilia kwa kama nusu saa. Lakini kelele zilikuwa zimefika mbali. Kisa cha Woodard kilimchoma Rais Harry Truman, na Julai 1948 alitia sahihi amri ya kumaliza ubaguzi wa rangi jeshini.

Welles alikufa Oktoba 10, 1985, akiwa na miaka 70, baada ya miaka mingi ya kuhangaika kutafuta doo za filamu ambazo zingine hazikuisha. Ukitafuta jina lake kwa simu, viumbe wa Mars ndio watatokea kwanza. Wapite. Tafuta Isaac Woodard. Hapo utapata msee aliyechukua ufundi uleule aliotumia kutisha watu na mchezo, akautumia kumnyima karao mmoja usingizi.